“Seedling” ni mche, lakini si kila mche ni “seedling”

“Shikamoo mwalimu. Nina kitalu kando ya barabara hapa Muheza. Nauza miche ya michungwa, mikarafuu na pilipili manga. Mwaka jana niliandikisha kibao kwa Kiingereza: ‘Orange seedlings for sale’. Juzi alisimama mgeni mmoja, Mwingereza, yuko njiani kwenda Amani. Akaniuliza kama michungwa yangu ni ‘seedlings’ au ni ‘grafted’. Nikamjibu ‘seedlings’, maana ndivyo kibao kinavyosema. Akashukuru, akapanda gari, akaondoka. Na michungwa yangu yote ni ya kubebesha, yaani jicho (chipukizi changa) la mchungwa unaozaa limeungwa kwenye shina la mche mwingine! Mpwa wangu wa kidato cha tatu ananiambia nimekosea, neno sahihi ni ‘sapling’, nifute kibao. Kamusi niliyonayo inasema mche ni ‘seedling’. Nimwamini nani? Na je, nikiendelea kuandika ‘seedlings’ kwenye risiti, mtu anaweza kunishtaki kwamba nimemdanganya?”

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mteja aliyeondoka mikono mitupu.

Nianze na linalokuuma. Kibao chako hakina kosa la Kiingereza, na wewe hukusema uongo. Wewe na yule mgeni mlilitumia neno moja kwa maana mbili tofauti, na zote mbili zimo katika Kiingereza. Kamusi yako imekupa maana moja tu. Mpwa wako amekuletea neno jingine kabisa, ambalo lingekupeleka mbali zaidi na unachokiuza. Kwa hiyo usifute kitu kwa hasira. Kwanza tuelewane neno lenyewe limebeba nini.

“Seedling” limeundwa kwa vipande viwili. “Seed” ni mbegu. “-ling” ni kiambishi cha kale ambacho Waingereza hukibandika mwishoni mwa jina kuonyesha kitu kidogo, kichanga, au kilichotokana na kile kilichotajwa. Kifaranga cha bata ni “duckling”, cha bata bukini ni “gosling”. Ukilifumua “seedling” unapata kitu kama “kitoto cha mbegu”. Neno hilo limo kwenye maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 17, na limebeba mambo mawili kwa pamoja: udogo wa mmea, na asili yake.

Kwenye mboga mambo hayo mawili hayagombani. Mnyanya mchanga ni mdogo na umetoka kwenye mbegu. Kabichi vilevile, mchicha vilevile. Ukisema “tomato seedlings” kwa Mwingereza, Mmarekani au Mkenya, wote wataona kitu kimoja: kimmea chenye majani manne au matano kinachosubiri kuhamishwa. Ugomvi huanza kwenye miti ya matunda. Huko kuna mimea michanga ambayo haikutoka kwenye mbegu, na kuna miti mikubwa iliyotoka kwenye mbegu. Mkulima wa matunda akilazimika kuchagua kati ya udogo na asili, huchagua asili, kwa sababu ndiyo inayomtia faida au hasara. Kwake mwembe wa miaka 60 ulioota wenyewe kwenye kokwa, wenye kivuli cha kukalia ukoo mzima, bado ni “seedling”. Udogo umekwisha zamani, asili imebaki.

Chukua parachichi la Hass, ambalo sasa linalimwa hata Lushoto. Mti wake wa kwanza uliota kwenye mbegu huko California, kwa mtu aliyeitwa Rudolph Hass, naye akaupatia hataza mwaka 1935. Vitabu vya Kiingereza humweleza mama huyo wa Hass zote kwa neno “seedling”, ingawa aliishi miaka mingi akiwa mti mkubwa. Na Hass yoyote unayoinunua leo kwenye kitalu cha kuaminika haiitwi “seedling” kwa maana hiyo, hata kama ina urefu wa kiganja, kwa sababu imebebeshwa. Hiyo ndiyo maana aliyokuwa nayo kichwani yule mgeni wako. Alipokuuliza “seedlings au grafted”, masikioni mwako ilikuwa kama ameuliza “miche au ya kubebesha”, swali lisilo na kichwa wala miguu. Yeye alikuwa anauliza: hii imeota kwenye mbegu, au imebebeshwa? Ulipojibu “seedlings”, akaelewa ni michungwa ya mbegu, itakayomsubirisha miaka.

Sasa tazama neno letu. Mche hauulizi ulitoka wapi. Tunasema mche wa mnyanya, mche wa mgomba, mche wa mkonge, mche wa kubebesha, na hakuna anayeshtuka. Tunachotaka kujua ni kwamba ni mmea mchanga unaotayarishwa kwenda kupandwa mahali pake. “Seedling” hutazama nyuma, kwenye mbegu. Mche hutazama mbele, kwenye shimo linaloungojea. Kamusi hukutanisha maneno haya mawili kwa sababu mara nyingi yanaangukia kitu kimoja, ila kukutana huko ni kwa sehemu tu. Mtunga kamusi ana mstari mmoja wa kulieleza neno, na kwa mstari mmoja “seedling” inatosha. Kwa biashara yako haitoshi.

Wala usione kwamba Kiingereza kimetuzidi hapo kwa upambanuzi. Kila lugha hugawanya pale wenyewe walipokuwa na kazi. Sisi wa pwani tuna kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, majina ya tunda moja kwa kadiri linavyokomaa, na mtu wa Tanga hawezi kutumwa dafu akaleta koroma. Mwingereza ana “coconut”, kisha huongeza maneno ya kufafanua. Yeye alikuwa na bustani za matufaha na mapeasi, akahitaji neno la kutenga mti wa mbegu na mti wa kubebesha. Sisi tunatenga pia, lakini kwa kuongeza maneno: mche wa mbegu, mche wa kubebesha. Ni kazi ileile, imefanyika mahali pengine pa sentensi.

Kwa nini asili iwe na uzito wote huo? Hapa naomba uvumilivu, maana ukilielewa hili hutalisahau neno. Mti ulioota kwenye mbegu huanza utoto upya. Mchungwa wa mbegu hutoa miiba mingi, hurefuka kwenda juu, na huchukua miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Jicho unalolichukua kwenye mchungwa unaozaa halina utoto huo. Limekwishabalehe pamoja na mti lilikotoka. Ukilichomeka kwenye mche mwingine linaendelea na umri wake, ndiyo maana mchungwa wako wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ule wa mbegu una miezi mingapi tangu uote? Huo ndio umri wake wote, mizizi hadi matawi. Wa kubebesha una miezi kwa mizizi na miaka kwa matawi.

Jambo la pili ni kufanana na mama. Watu wengi, hata wauza miche wenzako, husema mti wa mbegu kamwe haufanani na mama yake. Kwa parachichi ni kweli: mbegu ya Hass haikupi Hass. Kwa michungwa si kweli sana. Ndani ya mbegu moja ya chungwa mara nyingi mna viini zaidi ya kimoja, na vingi kati ya hivyo vimetokana na mwili wa mama peke yake bila mchango wa chavua. Umewahi kupanda punje moja ya chungwa ikatoa vichipukizi viwili au vitatu? Hicho ndicho kisa chake. Kwa hiyo mchungwa wa mbegu unaweza kuzaa matunda kama ya mama. Adhabu yake kubwa ni kusubiri, miiba na urefu. Nakueleza hivi ili mteja akikuambia “michungwa ya mbegu ni takataka”, uweze kumjibu kwa haki.

Na hapa kuna jambo ambalo napenda ulishike, kwa sababu linaonyesha kwamba jibu lako kwa mgeni lilikuwa na ukweli nusu. Mche wako wa mchungwa ni mimea miwili. Chini ulipanda mbegu ya mlimao, ukangoja shina lifikie unene wa penseli. Kisha ukachana gome kwa umbo la herufi T, ukachomeka jicho la Valencia au aina nyingine, ukafunga. Kuanzia pale palipoungwa kwenda chini, ule ni “seedling” kwa maana kamili ya neno: umetoka kwenye mbegu ya mlimao. Kuanzia pale kwenda juu, sivyo. Ndiyo maana machipukizi yakitoka chini ya pale palipoungwa lazima uyaondoe na umfundishe mteja ayaondoe. Akiyaacha yatauzidi mchungwa, naye atakuja kukulaumu kwamba ulimuuzia mlimao.

Sasa nikutetee. Kiingereza cha Afrika Mashariki kimelichukua neno “seedling” na kulipa upana wa mche wetu. Ukienda Kenya utaona vibao vya “grafted mango seedlings” kila mahali, na hata migomba iliyozalishwa maabara huitwa “seedlings”, ingawa mbegu haikuhusika popote. Miradi ya kupanda miti hapa kwetu huandika vilevile. Sioni sababu ya kuwaita watu hao wajinga. Lugha ikikaa mahali hufuata kazi ya mahali hapo, na mteja wako kutoka Mombasa au Dar es Salaam akisoma kibao chako ataelewa sawasawa. Atakayepotea ni mgeni aliyejifunza kilimo cha matunda Ulaya au Marekani. Kwake “grafted seedling” hugongana, kama vile kusema mtoto wa kumzaa wa kuasili.

Tuje kwa mpwa wako. “Sapling” ni neno zuri na la zamani kuliko “seedling”. “Sap” ni maji ya ndani ya mti, yale yanayopanda kutoka mizizini. “Sapling” ni mti mchanga wenye shina jembamba linalopindika, ambao umekwishatoka utotoni lakini haujawa mti wa kukata mbao. Wapima misitu wa Marekani wamempa kipimo kabisa: shina lenye kipenyo cha kuanzia inchi 1 hadi kabla ya inchi 5, likipimwa usawa wa kifua. Likiwa chini ya inchi 1, kwao hiyo bado ni “seedling”. Watu wa kawaida hawashiki rula, lakini picha wanayoiona ni hiyo: mti uliosimama ardhini, unakupita kimo au unakaribia. Mche wako wa sentimita 50 kwenye kiriba si “sapling” machoni pao. Tena “sapling” halitumiki kwa mimea isiyo miti, kwa hiyo pilipili manga yako ingebaki bila jina. Mwambie mpwa wako amelijua neno, bado kidogo kujua mahali pake. Na kwa kidato cha tatu hilo linatosha kumpa soda.

Kwa mimea yako mingine, mikarafuu iite “seedlings” bila wasiwasi wowote. Mkarafuu huoteshwa kwa mbegu mbichi, na wewe unajua zinavyoharibika upesi zikikaa. Pilipili manga ni kinyume chake: unakata pingili za mmea unaozaa, unazitia kwenye viriba zipate mizizi. Mwingereza huziita “rooted cuttings”, vipande vilivyotoa mizizi. Ukiziita “seedlings” mgeni atadhani umeotesha punje, na mnunuzi makini wa pilipili manga hataki punje.

Upande huu wa pwani umejaa mifano ya miche isiyo ya mbegu. Mananasi ya Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, hupandwa kwa machipukizi yanayotoka kwenye mmea wenyewe. Na mkonge, uliojenga Tanga, ulikuja hivyohivyo. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Vitabu vya Kiingereza haviiiti “seedlings”. Vinaiita “bulbils”, yaani vile vimche vidogo vinavyoota juu kwenye mlingoti baada ya mkonge kuchanua. Kila kimoja ni nakala ya mama. Ndiyo maana mashamba makubwa kiasi kile yaliweza kufanana jani kwa jani. Baadaye watafiti wa kituo cha kilimo cha Amani, milimani juu ya Muheza, walipotaka mkonge mpya, walilazimika kurudi kwenye mbegu: wakachavusha aina tofauti, wakaotesha, wakachagua. Chotara maarufu namba 11648 alizaliwa kwa njia hiyo. Huyo mama wa kwanza alikuwa “seedling” wa kweli, na watoto wake wote mashambani sio.

Kuna na mikoko, ingawa huiuzi. Ukipita ufukweni utaona vile vijiti virefu vya kijani vinavyoning’inia kwenye mkoko. Watu huviita mbegu. Mbegu yenyewe imekwishaota ikiwa bado juu ya mti, na kinachoanguka topeni ni mmea mchanga ulio tayari kusimama. Kiingereza kimelazimika kuwa na neno jingine hapo, “propagule”, kwa sababu mpaka kati ya mbegu na mche umefutika. Nimelitaja kwa sababu kuna vikundi vya kupanda mikoko vinavyojaza fomu za wafadhili, na fomu ikiwa na safu mbili, moja ya “propagules” na moja ya “seedlings”, ya kwanza ni vile vijiti vilivyookotwa na ya pili ni ile iliyokuzwa kwenye viriba. Ukichanganya, hesabu hazitakubaliana.

Turudi kwenye kibao. Una njia tatu. Unaweza kukiacha kama kilivyo, na wateja wengi wa hapa na wa Kenya watakuelewa. Ila utaendelea kupoteza wachache kama yule. Unaweza kuongeza neno moja tu, “Grafted orange seedlings”, na hiyo ni rahisi kwa rangi, inaeleweka Afrika Mashariki yote, na hata mgeni, akishakunja uso kidogo, atapata habari aliyoitaka, kwa sababu “grafted” ndilo neno alilokuwa akilitafuta. Ya tatu ni kuandika “Grafted orange trees”. Wewe utaona ajabu kuita “trees” kitu kilichomo kwenye kiriba, lakini Ulaya na Marekani ndivyo wanavyouza: mti ni mti tangu siku ya kwanza. (Waingereza wana hata jina la mti wa matunda uliobebeshwa na kumaliza mwaka mmoja bila kupogolewa: “maiden”, yaani mwali.)

Mimi ningechukua ya pili kwa kibao. Kiswahili kiwe juu kwa herufi kubwa, “Miche ya michungwa ya kubebesha”, kwa sababu wengi wa wateja wako ni watu wetu, na kibao cha Kiingereza peke yake kwenye barabara ya Muheza kinawapita.

Risiti ni habari nyingine, na hapo usiweke akiba ya maneno. Andika aina ya chungwa, andika shina la chini ni la nini, andika “ya kubebesha”. Kuhusu kushtakiwa: sheria ya uuzaji wa bidhaa hutaka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Mwenye hatari kubwa ni anayeandika “grafted” akatoa ya mbegu. Wewe umefanya kinyume, umeuza kitu bora kwa jina la chini. Hata hivyo yuko mnunuzi ambaye angeweza kulalamika: mwenye kitalu anayetafuta miche ya milimao ya mbegu ili abebeshe mwenyewe. Akiagiza kwa simu “seedlings 300”, muulize kabla hujapakia. Likitokea dai la kweli, la maandishi, mpelekee wakili au msaada wa kisheria ulio karibu nawe pamoja na nakala ya risiti, usijibizane kwa ujumbe wa simu.

Yako mambo mawili ambayo hayamalizwi kwa maneno, yanataka mtu afike kitaluni. La kwanza ni usajili. Kama hujasajiliwa kuuza miche ya matunda, muone afisa kilimo wa kata akuelekeze TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu na miche. La pili ni mpaka. Miche ikivuka Horohoro kwenda Kenya inahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na mkaguzi lazima aione kwa macho yake, maana michungwa husafiri na magonjwa. Kwenye karatasi hizo usitegemee “seedlings” peke yake. Mwambie mkaguzi kwamba ni miche ya kubebesha yenye mizizi, naye ataandika jina linalotakiwa. Na ukiona majani ya njano yenye mabaka yasiyolingana pande mbili za jani, usiuze hata mmoja kabla mtaalamu hajaja.

Yule mgeni kama alikuwa anakwenda Amani, atarudi kwa barabara ileile. Akisimama tena, chukua mche mmoja, geuza kiriba upande wa mwanga, umwonyeshe kwa kidole pale palipoungwa, kisha umwambie “grafted”.